Kwa nini kaunti hujenga zahanati zisizofunguliwa

KATIKA wadi nyingi nchini Kenya kuna jengo ambalo kila mkazi analijua. Kuta zimesimama, mabati yamepigwa na kibao cha serikali ya kaunti kingali kando ya barabara kikitaja jina la mradi na mwaka wa fedha. Lakini mlango una kufuli. Ndani hamna kitanda, hamna dawa, wala hamna muuguzi. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua hulipita jengo hilo akiwa amebebwa kwa bodaboda, akielekea hospitali iliyo mbali.

Wakazi humlaumu mwanakandarasi kwamba alihepa, au diwani kwamba alikula. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, anayefuatilia nyaraka za bajeti tangu mwanzo hugundua jambo linalosumbua zaidi: zahanati inaweza kukwama bila mtu yeyote kuiba hata senti. Sheria zinazoongoza matumizi ya fedha za kaunti, jinsi miradi inavyogawanywa baina ya wadi na jinsi fedha zinavyotoka katika Hazina ya Kitaifa, hutosha kuikwamisha.

Serikali 47 za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, chini ya Katiba iliyoidhinishwa mwaka wa 2010. Katiba hiyo yasema kaunti zitapata asilimia isiyopungua 15 ya mapato ya kitaifa, kwa kuzingatia hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa kwanza wa fedha, 2013/14, kaunti ziligawana Sh190 bilioni. Kufikia 2021/22 mgao huo ulikuwa umefika Sh370 bilioni, na wa mwaka wa 2025/26 ukawekwa kuwa Sh415 bilioni.

Fedha hizo ni za kazi zilizotajwa katika Jedwali la Nne la Katiba. Miongoni mwake ni zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti, huduma za maji, kilimo, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani. Shule za msingi na za upili hazimo. Mkazi anayemdai gavana darasa la shule ya upili anamdai asiye mdeni wake, ingawa wapo magavana na madiwani ambao, kwa kutafuta kura, wamewahi kuahidi hata hayo.

Tofali ni maendeleo, muuguzi ni gharama

Kiini cha tatizo la zahanati kimo katika masharti mawili ambayo wengi hawajawahi kuyasikia.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo. Kanuni zilizotolewa mwaka wa 2015 nazo zikaweka kikomo kwamba mishahara na marupurupu ya wafanyakazi yasizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Masharti hayo yaliwekwa kwa nia njema. Bila hayo, huenda kaunti zingeajiri jamaa na wapambe hadi shilingi ya mwisho, na mkazi asione hata daraja la miguu.

Lakini yanapofika katika sekta ya afya, masharti hayo huvuta upande mmoja. Katika vitabu vya hesabu, ujenzi wa zahanati huandikwa kuwa maendeleo. Muuguzi atakayefanya kazi humo huandikwa kuwa matumizi ya kawaida, pamoja na chai ya ofisini na mafuta ya gari la waziri. Kwa hiyo tofali humsaidia waziri wa fedha wa kaunti kulitimiza sharti la kwanza, ilhali muuguzi humsukuma alivunje la pili.

Kaunti nyingi zimekuwa zikikivuka kikomo hicho cha mishahara tangu zamani. Zilipoanzishwa zilirithi wafanyakazi wa mabaraza ya miji na wilaya yaliyovunjwa, kisha zikakabidhiwa wahudumu wa afya waliokuwa chini ya serikali ya kitaifa. Baadhi yake zikaongeza wengine kwa hiari yao, na si wote waliohitajika. Kaunti iliyo katika hali hiyo inaweza kujenga zahanati 10 katika mwaka mmoja bila kuulizwa swali, lakini ikitaka kuajiri wauguzi 20 wa kuzifungua hujikuta ikikinzana na kanuni.

Aidha, jengo hulipiwa mara moja, ilhali muuguzi hulipwa kila mwezi hadi siku ya kustaafu. Dawa, maji, umeme, mlinzi na kuni za kuchomea taka za hospitali havina mwisho. Gharama ya kujenga hutangazwa siku ya kuweka jiwe la msingi. Gharama ya kuendesha aghalabu haitajwi popote. Diwani hapigwi picha akikata utepe wa mshahara.

Mwaka wa 2017 taifa lilionyeshwa waziwazi maana ya kuta bila watu. Wauguzi wa kaunti walipogoma kwa takriban miezi mitano, zahanati zilizokuwa na kila kitu zilifungwa sawasawa na zile ambazo hazikuwahi kufunguliwa.

Mpango wa vifaa vya matibabu vya kukodisha ulitoa funzo lilo hilo kwa kiwango cha kitaifa. Ulianzishwa na Wizara ya Afya mwaka wa 2015 ili hospitali mbili katika kila kaunti zipate mashine za picha za mwili, vifaa vya upasuaji na vya kusafisha figo. Kila kaunti ilikatwa Sh95 milioni kwa mwaka, kiasi ambacho baadaye kiliongezwa hadi Sh200 milioni. Katika hospitali kadhaa mashine zilifika kabla ya chumba cha kuziweka, umeme wa kuziendesha au mtaalamu wa kuzitumia, zikabaki ndani ya masanduku. Kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo iliukosoa vikali katika ripoti yake ya mwaka wa 2020. Kaunti zililipia mashine hizo ziwe zinafanya kazi au la.

Kila wadi na chake

Jambo la pili ni la kisiasa. Bajeti ya kaunti haiwi sheria mpaka madiwani waipitishe, na kila diwani anataka kurudi kwa watu wake akiwa na kitu cha kuonyesha.

Chukulia kaunti yenye wadi 30 iliyotenga Sh150 milioni za zahanati. Ikiwa zahanati moja kamili inagharimu Sh15 milioni, fedha hizo zingejenga 10 na kuzimaliza katika mwaka huo huo. Lakini wadi 20 zingebaki mikono mitupu, na madiwani 20 wangeikataa bajeti. Njia rahisi ya kuwaridhisha wote ni kumpa kila mmoja Sh5 milioni. Hivyo kaunti huanzisha zahanati 30, na mwaka ukiisha huwa na misingi na kuta 30, pasipo hata moja inayoweza kumpokea mgonjwa. Hesabu hiyo ni ya mfano tu, ila mwenendo wenyewe hurudiwa katika ripoti za ukaguzi mwaka baada ya mwaka.

Mwaka unaofuata, zile Sh10 milioni zilizobaki kwa kila jengo hazijitokezi zenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Fedha ambazo hazijatumika kufikia siku hiyo hupoteza idhini, na mradi ambao haujakamilika lazima uombewe upya katika bajeti inayofuata. Hapo unashindana na ahadi mpya. Kukiwa kumefanyika uchaguzi katikati, unashindana pia na gavana mpya ambaye hana hamu ya kumaliza jengo litakaloitwa la mtangulizi wake.

Hospitali ya rufaa ya Kakamega ni mfano unaojulikana. Ilipangwa kuwa na vitanda 750, na ujenzi wake ulianza katika kipindi cha kwanza cha ugatuzi. Gavana aliyeianzisha, Wycliffe Oparanya, alimaliza vipindi vyake viwili mwaka wa 2022 ikiwa haijakamilika.

Fedha hufika zikiwa zimechelewa

Hata mradi ulio na fedha kamili katika bajeti hauna hakika ya kulipwa. Bajeti ni idhini ya kutumia, na fedha zenyewe ni jambo lingine. Hazina ya Kitaifa hutuma mgao wa kaunti kwa awamu, na malalamiko ya magavana kwamba awamu hizo huchelewa kwa miezi kadhaa yamesikika tangu mwaka wa kwanza wa ugatuzi.

Fedha zinapofika, za kwanza kutolewa huwa ni za mishahara, kwani wafanyakazi wana vyama na hugoma. Mwanakandarasi hana chama cha kutisha. Yeye aliweka saruji na vyuma kwa mkopo wa benki, na riba haingoji Hazina. Anapokosa malipo ya awamu ya pili huwaondoa vibarua, hukokota mashine yake na kwenda zake. Ndiye ambaye wakazi humwita mhepaji.

Kufikia Juni 30, 2024 madeni ya kaunti kwa wanakandarasi na wauzaji bidhaa yalikuwa yamefika takriban Sh182 bilioni, kwa mujibu wa hesabu za Msimamizi wa Bajeti. Kaunti ya Nairobi pekee ilikuwa na zaidi ya thuluthi ya deni hilo, sehemu yake kubwa ikiwa imerithiwa kutoka kwa baraza la jiji la zamani.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inamkataza afisa wa serikali kuanzisha ununuzi kabla ya kuthibitisha kwamba fedha za kutosha zimo katika bajeti. Ingefuatwa, pengine madeni hayo yasingekuwa na ukubwa huo. Matatizo huanza pale kaunti inapokadiria kwamba itakusanya ushuru mwingi wa maegesho, masoko na ardhi, ikapanga miradi kwa makadirio hayo, kisha makusanyo yakapungua. Katika karatasi bajeti ilikuwa sawa. Mfukoni haikuwa.

Makao ya wakubwa

Majengo ya viongozi nayo yana kisa chake, na hakifanani kabisa na cha zahanati.

Kaunti tano, yaani Isiolo, Lamu, Nyandarua, Tana River na Tharaka Nithi, zilianza mwaka wa 2013 bila ofisi za kufaa. Nyandarua ilibidi iondoke Nyahururu, mji ulio katika Kaunti ya Laikipia, ikaenda Ol Kalou. Lamu ilipanga kuvuka kutoka kisiwani hadi Mokowe, na Tharaka Nithi ikachagua Kathwana. Ilikubaliwa kwamba serikali ya kitaifa igharimie asilimia 70 ya ujenzi wa makao makuu hayo na kaunti zitoe asilimia 30. Mpango huo ulionekana wa haki, lakini ulimaanisha kwamba kila jengo linategemea bajeti mbili na mabunge mawili. Upande mmoja ulipochelewa, mwingine ulipata kisingizio. Kufikia mwaka wa fedha wa 2023/24, miaka 10 baada ya ugatuzi kuanza, bado fedha zilikuwa zikitengwa za kumalizia kazi.

Makazi rasmi ya magavana ndiyo yaliyowaudhi wananchi zaidi. Baada ya baadhi ya kaunti kutenga mamia ya mamilioni kwa nyumba hizo, Tume ya Mishahara na Marupurupu iliweka kikomo mwaka wa 2019: nyumba ya gavana isizidi Sh45 milioni, ya naibu wake Sh40 milioni na ya spika Sh35 milioni. Viwango hivyo vinaweza kubishaniwa. La muhimu ni kwamba kikomo kiliwekwa na tume ya kitaifa, wala hakikutoka kwa bunge lolote la kaunti, ilhali hayo ndiyo yaliyopewa kazi ya kuisimamia serikali ya gavana.

Mwananchi anaingilia wapi

Katiba inataja ushirikishi wa umma kuwa miongoni mwa misingi ya matumizi ya fedha za serikali. Swali ni wakati gani.

Ratiba ipo na imeandikwa. Kila baada ya miaka mitano kaunti huandaa Mpango Jumuishi wa Maendeleo. Kutokana na mpango huo hutolewa mpango wa mwaka, ambao huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara, hufuata kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti yenyewe hufika bungeni kufikia Aprili 30, na sheria ya kuidhinisha matumizi hupaswa kupitishwa kabla ya Juni 30.

Wakazi wengi hualikwa Mei. Wakati huo orodha ya miradi imekwishatoka katika mpango wa Septemba na viwango vya idara vimekwishafungwa Februari. Mkazi anayesimama katika ukumbi wa wadi na kuomba muuguzi badala ya jengo la pili anasikilizwa kwa heshima, jina lake huandikwa katika daftari, naye hupewa soda. Lakini idara ya afya haina tena nafasi ya kuhamisha fedha hizo. Daftari hilo hutumika baadaye kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa.

Mahakama zimeukataa mchezo huo. Mwaka wa 2014 Jaji George Odunga wa Mahakama Kuu aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya mwaka wa 2013 kwa sababu wananchi hawakupewa nafasi ya kweli ya kutoa maoni. Alieleza kwamba tangazo gazetini pekee halitoshi katika nchi kama Kenya. Kaunti yafaa itumie mabaraza, makanisa, misikiti na redio za lugha za kienyeji. Tangu hapo wanasheria wa kaunti wamekuwa waangalifu zaidi kuhusu matangazo na orodha za mahudhurio. Kama wamekuwa waangalifu zaidi kuhusu maoni yenyewe ni suala jingine.

Makueni hutajwa mara nyingi kuwa kaunti iliyofaulu zaidi, na njia yake haikuwa laini. Mnamo Septemba 2014 mvutano wa bajeti kati ya Gavana Kivutha Kibwana na madiwani uliishia kwa risasi kufyatuliwa mjini Wote. Wakazi waliwasilisha ombi kaunti ivunjwe. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ilipendekeza isimamishwe, lakini mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa na kuwataka viongozi hao wafanye kazi pamoja.

Kutokana na msukosuko huo Makueni iliimarisha utaratibu wa mikutano inayoanzia vijijini, kisha kupanda hadi wadi na kaunti, ambapo wanakijiji hupanga miradi kwa umuhimu wake. Jambo lenye nguvu zaidi, hata hivyo, huja baada ya bajeti. Kila mradi huwa na kamati iliyochaguliwa na wakazi wa hapo, na mwanakandarasi hutakiwa kupata saini yao kabla ya kulipwa. Fundi anayejua kwamba mwanamke anayeteka maji jirani na jengo ndiye atakayetia saini hupima saruji kwa uangalifu.

Kwingineko, pengo hilo la katikati halina mwenyewe. Msimamizi wa Bajeti huidhinisha fedha kabla hazijatoka, lakini ofisi yake haisimami jengoni kuhesabu mifuko ya saruji. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu naye huja mwaka wa fedha ukiwa umefungwa, na Katiba humpa miezi sita ya kutoa ripoti. Ripoti hizo zimefichua mengi. Mwaka wa 2015 nchi nzima ilicheka na kuhuzunika iliposikia kwamba Kaunti ya Bungoma ilinunua toroli 10 kwa Sh109,320 kila moja. Lakini kufikia wakati huo toroli zilikuwa zimenunuliwa tayari.

Adhabu zipo, nazo huchukua muda. Martin Wambora wa Embu alikuwa gavana wa kwanza kung'olewa na madiwani, Januari 2014, ukarabati wa uwanja wa michezo ukiwa mojawapo ya hoja dhidi yake. Mahakama zilimrejesha kazini, akahudumu hadi 2022. Ferdinand Waititu wa Kiambu aling'olewa Januari 2020. Mnamo Februari 2025 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 12 au faini ya Sh53.5 milioni katika kesi ya zabuni ya barabara ya Sh588 milioni, naye akakata rufaa.

Mipango Jumuishi ya sasa ya kaunti ilianza mwaka wa 2023 na inakamilika 2027, mwaka wa uchaguzi. Magavana waliochaguliwa 2017 na wakarejea 2022 hawataruhusiwa kuwania tena viti hivyo. Kura zitapigwa Agosti, na mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unatakiwa uwe bungeni kufikia Septemba 1. Magavana wapya watakuwa na wiki chache tu za kuamua ni majengo yapi ya watangulizi wao yatakayoingia katika orodha ya kumaliziwa, na ni yapi yatakayobaki na kufuli.